Mfungo wa Nyamoita

Jumamosi, siku yetu ya Sabato, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi ukungu ulifunika mashamba yote ya chai hapa Gesima, na manyunyu yalitulowesha kabla hatujafika kanisani.

Binti yangu Nyamoita, mwenye miaka kumi na tisa, alitembea mbele yangu amevaa sweta mbili. Tangu Jumatano alikuwa amekunywa chai ya rangi tu. Kanisani wanasema amefunga, na wanamsifu.

"Mama Nyamoita, mwige mtoto," jirani yangu Edinah alinitania mlangoni. "Wewe ukifunga saa moja tu, utatafuna kiti."

Wanawake wakacheka. Mimi sikuweza. Alhamisi jioni, katika darasa letu la watu wazima, Mwalimu Aluoch alitusomea kijitabu cha afya. Kilisema mtoto anayedhihakiwa nyumbani anaweza kukua akawa na vita na chakula: anajinyima, au anakula kisha anajitapisha. Niliposikia kujitapisha, kalamu iliniponyoka. Nimemsikia Nyamoita akitapika chooni mara nyingi. Nilidhani ni vidonda vya tumbo, nikamwombea.

Alipokuwa na miaka minane nilimwita Gunia. Akinyoosha mkono kumega ugali, nilisema mbele ya wageni, "Ngojeni Gunia lijae kwanza, ndipo nasi tupate." Kaka yake Mose alicheka mpaka akapaliwa. Baadaye mtoto akaanza kula akitazama ukuta. Nikamshukuru Mungu, nikidhani ameshika adabu.

Baada ya mahubiri, Mzee wa kanisa Onyancha alimwita mbele. "Binti huyu ataongoza mfungo wa siku kumi kuwaombea vijana wetu. Nani atafunga pamoja naye?"

Mikono ikainuka. Nikasimama.

"Mzee, huyu hafungi. Ni mgonjwa. Chakula kinamshinda, na aliyemfikisha hapo ni mimi. Nilimtukana kwa kila tonge. Nawaomba tumpeleke hospitali."



"Mama," Mzee Onyancha alisema kwa upole, "shetani hapendi mfungo. Wakati mwingine humtumia hata mzazi. Keti, tutakuombea."

Nikamgeukia binti yangu. "Nisamehe. Twende nyumbani. Hata uji kidogo tu, sitakutazama ukinywa."

Nyamoita hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo. "Nilishakusamehe, Mama. Keti. Watu wanakuangalia."

Edinah akanivuta gauni, nikakaa. Nilijaribu kuomba, lakini kila neno nililolijua lilikuwa limekwisha kutumika kumsifu binti yangu.

Mzee akampa Nyamoita Biblia. Aliishika kwa mikono miwili, na bado ilikuwa inamlemea.

"Naahidi mbele za Mungu na mbele ya kanisa hili," alisema, akasikika hadi viti vya nyuma, "siku kumi, maji peke yake."