Koti la Kaka Kiooni

Kaka yangu alikufa vitani, na kilichorudi nyumbani ni koti lake tu. Nilitaka kujipiga picha nalo, mjomba aiweke kwenye kioo cha dirisha la mbele la studio yake, wapita njia waone vita vimetufanya nini.

Anayejipiga picha huhitaji mtu wa kukaa mahali pake wakati anarekebisha lenzi. Kazi hiyo alikuwa akinifanyia kaka. Safari hii nilivalisha kiti lile koti, nikarekebisha lenzi hadi vifungo vikaonekana vizuri, kisha nikasimama nyuma ya kiti. Picha ilipotoka, koti lilionekana hadi nyuzi. Uso wangu ulikuwa ukungu mtupu.

"Mwanangu, hii imeharibika," mjomba akasema. "Wateja watasema siku hizi tunapiga picha tumefumba macho."

"Ndivyo nilivyo tangu tupate habari, mjomba. Naitaka hivyohivyo."

"Na bibi harusi wa ile picha iliyoko kiooni nimpeleke wapi?"

"Huyo ameshapata mume. Atupishe."

Mjomba alicheka, lakini hakuinuka. Mama, aliyekuwa ameniletea chakula, akaichukua ile picha. Akaitazama, kisha akagusa kifungo cha pili.

"Hiki nilikishona mimi siku anaondoka. Uzi mweusi ulikuwa umeisha, nikatia wa bluu."

Ule uzi wa bluu ulionekana waziwazi. Mjomba akavua viatu, akapanda dirishani, akamshusha bibi harusi.