Ndiyo Nne za Njagi

Kufikia saa nne asubuhi Njura alikuwa ameshaingiza wagonjwa thelathini na mmoja kwenye kompyuta, na ungemuuliza jina la hata mmoja wao asingekutajia. Vidole vilifanya kazi vyenyewe. Malaria ina namba yake, kikohozi kina namba yake, mtu aliyejikata panga akipogoa majani chai ana namba yake. Muuguzi anaandika kwenye daftari, Njura anageuza maandishi kuwa namba, namba zinapanda kwa wakubwa, na huko juu wanachora michoro ya rangi na kupigiana makofi. Miaka kumi na mmoja sasa. Mwanzoni aliwaonea wagonjwa huruma. Iliisha lini, hakumbuki.

Kituo chenyewe cha afya cha Manyatta kilijengwa kwa mawe ambayo akina mama wa hapo waliyabeba mgongoni kutoka mto Rupingazi. Mamake Njura alikuwa mmoja wao. Siku ya kufunguliwa, akina mama hao walisimamishwa juani waimbe huku watu wa suti wakikata utepe. Na mpaka leo hakijaletewa mhudumu wa kiume wa kumwangalia mwanamume. Wameandika barua mara ngapi? Barua ziko kwenye kabati hapo nyuma ya kiti cha Njura, panya wamezitafuna pembe.

Njagi alifika dirishani ameshika bahasha kwa mikono miwili. Ni mkulima wa majani chai wa Kibugu, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole.

"Madam, nataka faili yangu iseme ukweli."

Njura alisoma barua iliyokuwa ndani. Daktari wa ngozi mjini alikuwa ameandika kwamba ugonjwa wa Njagi si wa zinaa. Ni ngozi ya uume iliyogeuka nyeupe ikakakamaa. Hauambukizi. Unatibiwa kwa dawa ya kupaka. Chini yake aliongeza kwamba yeyote aliyeitazama ngozi hiyo mwaka uliopita angejua.

"Si umeandikiwa tayari? Nenda na hii."

"Nilienda nayo, madam. Mzee Kiunga, babake bibi yangu Purity, aliisoma akanirudishia. Akasema hii ni ya juzi, na zile mara nne za Manyatta zilikuwa nini? Bibi yangu aliandikwa kwa kadi 'mwenzi wa mgonjwa wa zinaa', akadungwa sindano. Ndio akabeba nguo akarudi kwao Mitunguu. Jumamosi wazee wanakaa. Wakikaa hivi, wanaimaliza ndoa. Hatarudi."

Njura alifungua faili. Mara nne katika miezi kumi na minne. A64, A64, A64, A64: ugonjwa wa zinaa usiojulikana ni upi. Ni yeye aliyeichagua namba hiyo, kwa sababu daftari lilisema tu "kidonda sehemu za siri", na kwenye fomu ya mwezi ngozi ya mwanamume haina mstari. Pembeni kulikuwa na kisanduku, Mgonjwa amechunguzwa. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Ukiweka Hapana, ukurasa haufungiki mpaka uandike sababu, na foleni inakungoja.

"Nani alikuangalia hizo siku?"

Njagi alitazama chini. "Ni Sista Karimi."

Hapo Njura akaelewa yote, bila kuongezewa neno. Sista Karimi ni shangazi yake Purity, mzaliwa wa Mitunguu aliyeolewa huku Embu. Kwa Njagi yeye ni muthoni, mkwe, mtu ambaye ukikutana naye njiani unamwachia njia nzima. Njagi alikuwa amesimama akiongea na ukuta, Sista akaandika akiangalia dirisha. Mara nne.

Aliposikia jina lake, Sista Karimi alitoka chumba cha sindano akifuta mikono. Njagi alirudi nyuma hatua tatu, akageuza uso.

"Njura, mbona unapekua mambo ya watu? Weka hiyo namba mpya, tarehe ya leo. Za zamani ziache. Hizo zilipona."

"Hazikupona, Sista. Hazikuwepo."

"Ulitaka nifanye nini? Nimwambie muthoni wangu ashushe suruali? Kwetu wangesema nimerukwa na akili!"

"Ungeandika hukumwona."

"Ati ningeandika! Na wewe ungeweka Hapana? Hebu niambie, mama, umewahi kuweka Hapana hata siku moja?"

Njura alivuta kibodi karibu. Hakuwahi. Miaka kumi na mmoja, vichwa elfu ngapi, na hakuwahi.

"Ukiandika hayo, nitaitwa mjini," Sista alisema kwa sauti ya chini. "Na wewe utaitwa."

"Najua."

Alifuta A64 ya kwanza, akaweka L90.0, namba ya ngozi ile, na Ndiyo akaigeuza kuwa Hapana. Mashine ikauliza sababu ya kurekebisha. Akaandika: "Mgonjwa hakuchunguzwa. Muuguzi ni mkwe wake na hapakuwa na mwingine. Neno Ndiyo liliwekwa na karani Njura bila kuuliza." Aliandika hivyo mara nne, neno kwa neno. Alingoja woga uje, au angalau aibu. Hakuna kilichokuja. Alichapisha, akagonga muhuri, akapitisha karatasi dirishani.

Njagi aliisoma amesimama, polepole, midomo ikicheza.

"Kumbe hakuna mtu aliniangalia."

"Hakuna."

"Na dawa nikameza."

"Ulimeza."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na sauti. "Madam, nimekuwa nikitubu kanisani. Sijui nilikuwa natubu nini. Nilidhani labda kuna kitu nilifanya nikasahau."

Akaikunja karatasi, akaondoka. Njura akamwita mgonjwa wa thelathini na mbili.

Jumatatu asubuhi mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani alisimama dirishani, mkoba wa nguo miguuni. Alijitambulisha: Purity, bibi ya Njagi.

"Wazee waliisoma ile karatasi Jumamosi," alisema. "Baba akaisoma mara mbili. Wakaondoka hata chai hawakumaliza. Nimetoka Mitunguu leo, naenda nyumbani Kibugu."

"Ni vizuri, mama."

"Si vizuri bado. Mume wangu nilimwita malaya mbele ya watoto wake." Aliweka kadi yake juu ya meza. "Hii nayo inasema mimi ni nini? Shangazi alinidunga mara mbili. Hata yeye hakuniangalia."

Njura aliivuta kadi, akaandika jina la Purity kwenye mashine. Faili ikafunguka. A64, mara mbili. Amechunguzwa: Ndiyo. Ndiyo.

"Kaa hapo kwa benchi," alimwambia. "Hii itachukua muda."

"Nitasimama," Purity alisema. "Nataka kuona ukiandika."