Anayewahi Ndiye Anayefagia

Tangu stendi ya mabasi ihamishiwe nje ya mji, mtaa ule wa katikati ya Songea umebaki jina tu. Lile duka kubwa lililokuwa likiuza kila kitu, kuanzia sindano hadi baiskeli, lina kufuli lenye kutu, na mbuzi ndio wanaolala kwenye ngazi zake. Walibaki watu wawili, milango yao ikipakana: Zuhra, muuza vitenge, na Mzee Otto, fundi redio. Fundi redio, zama hizi! Hata mbuzi walimhurumia.

Kwa miaka kumi na tisa walikuwa na desturi yao: anayewahi kufungua hufagia mabaraza yote mawili. Hakuna aliyemshukuru mwenzake kwa hilo, na hakuna aliyewahi kuliacha.

Sasa Zuhra alikuwa amepata kibanda stendi mpya. Asipofungua kufikia Jumatatu, anapewa mwingine. Wiki nzima hakuwa ameuza hata kitenge kimoja, lakini angemwachaje mzee peke yake na mbuzi? Mara tatu alijikaza amwambie, mara tatu akaishia kuzungumzia mvua.

Ijumaa asubuhi alitoka kwake Mjimwema akiwa amejiapiza kwamba leo atasema. Alipofika, alisimama akatazama. Baraza la mzee lilikuwa safi. Lake lilikuwa na vumbi, majani na mavi ya mbuzi, na mpaka kati yao umenyooka kama uliopigwa rula.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Otto hakuinua macho kwenye redio yake.

"Leo umenisusa?"

"Nasikia umepata kibanda. Mtu aliyehama nitamfagiliaje?"

"Sijahama, mzee wangu. Nilitaka nikwambie..."

"Basi hama! Unangoja nini hapa, mpaka nife? Vitenge vyako vitaliwa na panya."

Maneno yale yalimchoma. Alifungasha siku ileile, akaondoka bila kuaga vizuri. Hasira ndiyo iliyomvusha. Bila hiyo asingetoka pale.

Stendi mpya biashara ilikubali. Wanawake wa Lusewa na Namasakata walikuwa wakishuka kwenye basi tu, wanaanza kuchagua vitenge vyake. Mwezi ukapita, hasira ikapoa, na mzee akaanza kumjia moyoni. Siku moja alidamka, akafunga chapati tatu kwenye mfuko, akaelekea mtaa wa zamani kabla ya kufungua kibanda.

Alimkuta Otto ameinama, amempa mgongo, anafagia polepole mbele ya mlango wa Zuhra uliofungwa. Baraza la mzee mwenyewe lilikuwa bado na vumbi la jana. Alikuwa ameanza na lile lisilo na mtu.

Machozi yalimtoka Zuhra. Ufagio wake wa zamani ulikuwa bado umeegemea mlango. Aliweka chapati chini, akauchukua, akaanza kufagia upande wa mzee.