Nahodha Asiye na Mwenzake

Miaka arobaini fundi saa aliitazama tamthilia ileile ya chombo cha angani, na miaka yote hiyo alimtangulia nahodha kusema maneno yake. Mkewe ilimkera kupita kiasi. “Hebu mwache mwenzio naye aseme!” alizoea kumfokea.

Leo mchana nahodha alisema peke yake. Mke wa fundi akaacha kukunja nguo. Nahodha akasema tena. Fundi kimya, katumbua macho tu. Mkewe akajikaza, akaanza kuyasema yeye maneno yanayofuata, sauti ikimtetemeka, akingoja mumewe adakie.

Fundi akamgeukia, uso umechangamka kama wa mtoto.

“Kumbe mwenzangu ulishaiona? Basi tafadhali, usinihadithie mwisho.”