Kidude Kisicho na Upande wa Pili

Waruguru alikuwa amezingirwa na Wamboi wawili. Wa kwanza alikuwa mama mkwe wake, aliyemwita Cucu, mwenye ploti hii ya Ruiru na ufunguo wa geti. Wa pili alikuwa binti yake wa miezi saba, aliyepewa jina la nyanyake kama desturi ilivyotaka. Mtoto akilia, Cucu hufoka, "Ni mimi unaliza hivyo?"

Tangu mtoto azaliwe, Waruguru alikatazwa masomo ya jioni kule Thika. "Mke wa mtu hatembei na giza," Cucu alisema, na mambo yakaishia hapo. Mume alikuwa safarini na lori. Simu ilikuwa imezama kwenye beseni la nepi. Kilichobaki ni kidude cha muziki cha zamani, kidogo kama kidole gumba, alichonunua kabla simu hazijameza kila kitu. Kilikuwa na kioo chenye ufa, na kilirekodi. Kila wiki rafiki yake Kui alikibeba darasani, akakirudisha na sauti ya mwalimu wa baiolojia. Wiki saba Waruguru alimsikiza huku akifua, sikio moja kwa mwalimu, jingine kwa mtoto. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Akipita, ataomba nafasi ya uuguzi. Cucu hakuwa ameambiwa.

Jumamosi kidude kikatoweka dirishani. Kui alikipitia, akangoja, akaenda darasa la marudio ya mwisho mikono mitupu. Saa sita Cucu akaingia akitabasamu.

"Nimekupelekea kidude chako kwa Karanja wa kuuza nyimbo. Amekujazia za kanisa. Huyu mtoto atalala kama malaika."

Waruguru akabonyeza. Kwaya. Akabonyeza tena. Kwaya. Karanja hufuta kila kitu kwanza, ndivyo afanyavyo kazi.

"Cucu, mwalimu wangu ameenda."

"Mwalimu gani?"

"Alikuwa humu. Nina mtihani Jumatatu."

Cucu akakigeuza kidude, akatazama mgongo wake. "Si nilimwambia aweke upande wa pili? Kaseti za marehemu mzee zilikuwa hivyo. Huku kwaya, huku mahubiri."

"Hii haina upande wa pili."

"Haiya! Kitu cha upande mmoja mnanunua cha nini?" Lakini sauti ilikuwa imemwishia nguvu. Mtoto akaanza kulia. Waruguru pia.

"Nifungulie geti, Cucu. Marudio ni saa nane."

"Na mtoto ana homa? Hapana." Cucu akakigeuza tena kidude. "Nionyeshe pa kufinya ishike sauti."

Akajifunga kitambaa chake cha kanisa, akaondoka, akafunga geti nyuma yake kwa mazoea. Waruguru akabaki akimbembeleza Wamboi mdogo, macho kwenye kufuli.

Cucu alirudi jua likitua, viatu vumbi tupu. Akamtupia kidude mapajani, akamchukua mtoto. Waruguru akachomeka waya masikioni. Mwalimu alikuwa anaeleza mzunguko wa damu, mbio mbio. Kiti kikakwaruza, na sauti aliyoijua ikamkatiza:

"Mwalimu, ngoja. Rudia hapo kwa moyo, pole pole. Kuna msichana wangu amefungiwa nyumbani, hataelewa."

"Nani amemfungia, mama?"

Kidude kilikuwa kimerekodi ufunguo ukigonga dawati. Kisha: "Wewe endelea kufunza."

Waruguru akainua macho. Cucu alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, ufunguo mkononi.

"Hiyo mtihani ni saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimefungua."