Mstari wa Kijani

Bi Fakhriya alikuwa anataka kitu kimoja tu kutoka kwetu: binti yake Rasha akicheka. Rasha alifariki mwezi wa tano. Video ya harusi yake tulikuwa nayo sisi tu, na mama yake alisema anakuja Alhamisi kuichukua.

Sisi ni studio ya video za harusi, Kariakoo, ghorofa ya tatu. Bosi wetu Khalil ana matawi mengine mawili, Upanga na Kigamboni, na kila video inakaa kwenye kompyuta za sehemu zote tatu, ili moja ikifa nyingine zibaki. Zote anazisimamia Candida kwa programu inaitwa tmux: skrini moja nyeusi imegawanywa vyumba vitatu, kila chumba kompyuta moja. Kuna mpangilio ukiuwasha, unachoandika chumba kimoja kinaandikwa vyote. Candida ni mtu wa tahadhari, akauwekea mstari wa chini rangi: mpangilio ukiwaka, mwekundu, ukizimwa, kijani. Anaandika macho kwenye karatasi yake, akimaliza anacheki mstari tu, anabonyeza.

Mimi chuo niliacha mwaka wa tatu, ila utani sijaacha. Kuna siku niliuandika mstari wake "Candida kala chipsi za watu." Alicheka mpaka machozi. Basi Jumanne kaenda kufuata chai, nikaingia kwenye mipangilio yake, nyekundu nikaigeuza kijani, halafu nikauwasha ule mpangilio. Nilitaka aandike neno moja, vyumba vyote vimuigize, apige kelele kuna jini.

Kabla hajarudi, Khalil akanituma Upanga na kamera.

Niliporudi nikakuta yameshatokea. Diski ya Kariakoo ilikuwa inasumbua, Candida akaamua kuifuta aipange upya, si nakala zipo kwingine? Akacheki mstari. Kijani. Akabonyeza.

Zikafutika zote tatu.

Tulihangaika siku mbili. Kwenye harusi ya Rasha tuliokoa sekunde tisa za viatu vya mpiga picha.

"Nilisahau kuzima," Candida akamwambia Khalil Alhamisi asubuhi. "Ni mimi, kaka."

"Basi kesho usije."

"Bosi, ni mimi," nikasema. "Nilibadilisha rangi. Ulikuwa utani."

Khalil hata hakugeuka. "Goodluck, utani wako wa leo kauze Feri na samaki."

"Haki ya Mungu, bosi!"

"Siku ile umezima swichi ukasema umeme umekatika, si uliapa hivyohivyo?"

Candida alikuwa ananiangalia. Akafungua mipangilio, akatafuta ule mstari, akarudisha rangi yake. Chini ya skrini kukawaka nyekundu. Ule mpangilio nilikuwa bado sijauzima.

"Kaka, njoo uone," akamwambia Khalil.

Hodi ikapigwa. Bi Fakhriya, na flashi kaifunga kwenye leso.

"Mwambie wewe," Candida akaninong'oneza. "Na usijaribu kumchekesha."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ipo tayari?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza kasimama, leso mkononi. Mwisho akauliza, "Hakuna kilichobaki?"

Nikamfungulia zile sekunde tisa. Viatu vyeusi kwenye zulia. Kwa mbali vigelegele na vicheko, wanawake wengi. Akainama mpaka sikio likagusa spika.

"Humu yeye ni yupi?"

"Sijui, mama."

"Rudia."

Nikarudia.