Kopo la Bluu la Fundi Saulo

"Ulikuwa umelewa, Saulo. Sema tu ulikuwa umelewa, tuyamalize."

"Sikulewa, tajiri. Ukitaka kunifukuza nifukuze, lakini hilo usinibandike."

"Lori limetoka hapa kwangu zima, limefika Igawa, njia ya Mbeya, stelingi imeachia, limelala mtaroni, dereva kavunjika mguu. Na kopo lako lile pale mezani linanuka ulanzi. Unataka nifikiri nini?"

Sauti ya Bwana Halfani ilikuwa imepanda mpaka waliokuwa nje wakaacha kugonga nyundo. Yeye ndiye mwenye gereji. Babu yake alitoka pwani na biashara akabaki hapa Iringa, na yeye pombe hajaigusa tangu azaliwe. Tulikuwa watatu kwenye kiofisi chake: yeye, fundi Saulo, na mimi Filemoni, nimesimama karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuazima kitu. Mkono mfukoni. Na mfukoni mna pini.

Lazima nieleze lile kopo, maana bila kopo huwezi kuelewa.

Fundi Saulo ni Mhehe wa Kalenga, na kwa habari ya pombe za kazini ana elimu kunishinda mimi na darasa langu la nane. Kazi ya springi, anasema, inataka komoni, ile pombe nzito ya nafaka, kwa sababu springi ni nzito na komoni ni chakula. Kubadili tairi, kunywa chochote. Bia ya chupa ni ya watu wanaotazama gari likitengenezwa. Lakini breki na stelingi ni ulanzi tu, tena mtogwa, ule uliogemwa leoleo kwenye mianzi, mtamu, haujaanza kupanda kichwani. Andendekisye, dereva wa lile lori, Mnyakyusa, kila akipita alikuwa anambishia: "Nyie Wahehe mnakunywa maji ya miti. Siku moja nitakuletea pombe ya ulezi ya mama yangu, utahamia Tukuyu na spana zako."

Sasa, Saulo ana kopo moja la bluu, la bati, limebanduka rangi mdomoni. Akifungua kitu kwenye gari, nati zake na pini zake zote zinaingia humo. Ulanzi unakaa pembeni kwenye kibuyu, na kopo jingine hakuna, hataki liwepo. Kwa hiyo mpaka nati ya mwisho irudi mahali pake, huna pa kunywea. Ukiona kopo lina ulanzi, gari limekwisha. Gereji nzima tulijua hivyo. Hakuna aliyekuwa anauliza tena, hata Saulo mwenyewe.

Jumamosi tulikuwa kwenye stelingi ya lile lori. Saulo akaitwa nje na mtu ambaye gari lake lilikuwa na shida ya breki. Akaniambia, "Kaza nati hiyo, tia pini, nakuja." Nati nikakaza, kwa nguvu zangu zote. Ikabaki pini, moja, ndani ya kopo, ile inayoizuia nati isijifungue njiani. Na lile tundu la kupitishia pini lilikuwa halijalingana, ilibidi niirudishe nati kidogo nilale tena chini kwenye tope. Mimi kusubiri sijui. Hata gereji nilikuja kupita tu, akili yangu ilikuwa Mbeya, na kutoka Mbeya migodini huko kusini. Kibuyu kilikuwa pale kinatoa povu. Nikaitia pini mfukoni, nikafuta kopo kwa shati, nikamimina. Nikasema moja tu, halafu narudi chini.

Saulo akaingia nikiwa na kopo mdomoni.

Hakukasirika. Alicheka. "Umemaliza peke yako? Basi leo wewe ni fundi, mnyalukolo, ndugu yangu." Akalichukua kopo, akanywa, akanirudishia. Tangu nianze pale, miezi mitano, hajawahi kuniita fundi. Ningesema nini hapo? Nikajiambia akienda kunawa nitaitia upesi. Hakwenda kunawa. Alikwenda kumwambia Andendekisye, "Washa, uende zako," na Andendekisye akawasha. Nikajiambia nati imekaza, itafika. Nilisimama getini nikampungia mkono.

Jumapili kanisani, na suruali yangu ni ileile moja, kapu la sadaka linakuja, naingiza vidole mfukoni kutafuta senti, natoa pini. Nikairudisha haraka kama vile nimeiba. Kumbe wakati huo lori lilikuwa limeshalala mtaroni tangu jana yake. Habari ililetwa na basi la Mbeya leo, Jumanne, kwamba Andendekisye amelazwa hospitali huko.

"Kusanya spana zako," Bwana Halfani akasema. Hakuwa anapiga kelele tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Miaka kumi na moja, Saulo. Nilikuvumilia na kibuyu chako kwa sababu gari lako halikuwahi kurudi."

Saulo akaanza kufunga spana kwenye gunia, moja moja, akizifuta. Halafu akanyoosha mkono kuchukua kopo.

"Fundi," nikasema.

Nikaidondosha pini ndani ya kopo. Ikalia kwenye bati.

Saulo akachungulia. Hakuuliza ni nini. "Ilikuwa humu?"

"Ilikuwa humo. Niliitoa, nikamimina ulanzi."

"Kabla sijaja."

"Kabla hujaja."

"Mnasema nini nyie?" Bwana Halfani akauliza.

"Nasema sikulewa, tajiri," Saulo akasema. "Lakini nilikunywa bila kuinama kutazama. Hilo ni langu."

"Si lake," nikasema. "Ni langu. Aliona kopo."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Saulo akaniangalia, akauliza taratibu, "Ulikuwa mtamu?"

"Mtamu, fundi."

"Najua. Ulikuwa wa leoleo."

Afadhali angenipiga kofi.

"Vua ovaroli," Bwana Halfani akasema. Nikavua, nikatundika kwenye msumari. Yeye akamwambia Saulo, bila kumtazama usoni, "Na wewe rudisha spana zako." Saulo hakuzirudisha. Alikuwa bado ameshika kopo.

"Unakwenda wapi sasa?" akaniuliza.

Siku zote nilikuwa natafuta njia ya kufika Mbeya. "Mbeya," nikasema. "Hospitali. Kwa Andendekisye."

"Utamwambia nini?"

"Haya haya niliyosema hapa."

Akaitoa pini kwenye kopo, akaifuta kwa kitambaa kama anavyofuta spana, akanipa mkononi. "Basi nenda nayo. Atataka kuiona."

Nikafungua mlango. Mvua ikanipiga usoni.

"Na mlango ufunge," Saulo akasema nyuma yangu. "Maji yanaingia."

Nikatoka. Nikaufunga.